Herufi C kwenye koki ya Pátzcuaro

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Desemba, Pátzcuaro, mji mdogo nchini Meksiko. Vigae vyekundu vya sakafu vinauma nyayo. Mgeni amesimama bafuni, taulo begani, mbele yake koki mbili: moja ina herufi C, nyingine F. Kiingereza cha shuleni kinamwambia C ni ya baridi, basi anaiacha na kufungua F mpaka mwisho. Anasubiri. Maji yanakuja kama yametekwa kisimani usiku wa manane. Dakika tano baadaye ameshahukumu: nyumba hii haina maji ya moto.

C ni caliente, moto. F ni fría, baridi.

Na ukishalijua hilo usifurahi mapema. Kuna mafundi walionunua koki zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, zenye H na C, na hapo C inarudi kuwa baridi. Kuna wengine waliozifunga kinyume na hawakuona sababu ya kurudia kazi. Mara nyingi ya moto ni ya kushoto, lakini tanguliza kidole kabla ya kichwa.

Kwa wiki kadhaa sasa herufi hii haijanitoka akilini, wala si kwa ajili ya maji. Nyumba za aina hii, zile ndogo za vyumba vitano au vinane zinazolaza wageni na kuwapa kifungua kinywa, husifiwa na kulaumiwa kwa pumzi moja. Wanaozisifu hutaja ukuta mnene, ua wenye maua, ukimya na mama wa jikoni. Wanaozilaumu hutaja giza, baridi, maji yanayokatika na chai inayochelewa. Nilivyozidi kulitazama jambo hili ndivyo nilivyozidi kushuku kwamba orodha hizo mbili ni orodha moja.

## Nyumba inayotazama ndani

Huko huitwa posada, au casa de huéspedes. Tafsiri rahisi ingekuwa gesti, ila gesti kwetu imeshachukua maana yake nyingine, tuiache.

Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kuchorewa ramani. Mtaani unaona ukuta mtupu na mlango mzito. Ukiingia unapita ukumbi mwembamba wenye kivuli, huko waitwa zaguán, neno lililotoka katika Kiarabu cha Andalusia, kisha unatokea kwenye ua wa wazi. Vyumba vyote vimeuzunguka ua huo, na mbele yao kuna baraza yenye nguzo. Kuta ni za adobe, yaani matofali mabichi yaliyokaushwa juani, unene wa sentimita 60 hadi 80. Nje zimepakwa chokaa nyeupe, na sehemu ya chini rangi nyekundu ya kahawia, mji mzima vivyo hivyo.

Dirisha la chumba, kama lipo, linatazama barazani. Maana yake ni hii: ukilifungua upate mwanga, kila anayepita kwenda kunywa kahawa anakuona, ukilifunga, chumba kinakuwa pango saa sita mchana. Milango ya zamani ina kijidirisha cha mbao katikati ya ubao wake, waita postigo. Fungua hicho peke yake: mwanga unaingia, faragha inabaki.

Kwa nini mwenye nyumba asitoboe dirisha upande wa mtaani? Majengo ya kale nchini Meksiko yanalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1972, na kugusa uso wa nyumba kunahitaji kibali. Hata angekipata, kutoboa ukuta wa udongo wa sentimita 70 bila kuweka boriti imara juu ya tundu ni kualika ufa.

Chumba cha juu kina mwanga zaidi na hewa zaidi. Ndicho ambacho wengi wetu tungekiomba kwanza. Subiri tufike kwenye maji.

## Maji yanakotoka

Maji ya bomba la mji hayaji saa zote. Yanapokuja huingia kwenye tangi la chini ya ardhi, cisterna. Pampu huyasukuma hadi simtanki la juu ya paa, tinaco, ambalo mara nyingi hubeba lita 1,100. Kutoka hapo yanashuka kwa uzito wake tu.

Mpaka hapa hakuna geni kwa mtu wa Kimara au Rongai.

Sasa hesabu. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya bar 1. Simtanki likiwa mita 3 juu ya bomba la mvua, presha ni bar 0.3. Likiwa mita 1 na nusu juu, ni nusu ya hiyo. Ndiyo maana chumba cha ghorofani, kile chenye mwanga, kina maji dhaifu kuliko cha chini chenye giza. Huwezi kuvipata vyote viwili isipokuwa nyumba imefunga pampu ya presha, na pampu hiyo utaisikia ikinguruma kila jirani anapovuta maji chooni.

Boila ni aina mbili, na hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa.

Ya kwanza ni ya tangi. Ndogo huchukua lita 40. Maji yake yakiwa nyuzi 60 na ya bomba nyuzi 15, ukichanganya upate nyuzi 40 utapata kama lita 70 kwenye karatasi. Kwa kweli ni pungufu, kwa sababu kadiri unavyotoa ya moto ndivyo ya baridi yanavyoingia chini na kuyapoza yaliyobaki. Chukua lita 50. Bomba la mvua linalotoa lita 8 kwa dakika litakupa dakika 6. Wa pili kuoga asubiri nusu saa au zaidi.

Ya pili ni ya papo kwa papo. Haina tangi: moto wake huwaka pale tu maji yanapopita kwa kasi ya kutosha, kwa nyingi ni kama lita 3 kwa dakika. Chini ya hapo inajizima.

Tazama basi anachofanya mtu muungwana. Anafungua C kidogo, asifuje maji ya watu. Boila haiwaki. Au inawaka, maji yanakuwa ya moto mno, anaongeza F kuyapoza. Lakini kwa presha ile ndogo F inainyima C njia, kasi ya C inashuka, boila inazima, maji yanageuka barafu kichwani penye povu. Anapunguza C zaidi kwa hasira. Basi tena.

Dawa ni kinyume cha adabu zetu. Fungua C yote. Acha F imefungwa kabisa. Yakiwa ya moto kupita kiasi, usiyapoze kwa koki, mwombe mwenye nyumba apunguze moto kwenye boila yenyewe. Sentensi inayotosha ni: ¿Le puede bajar al bóiler, por favor?

Kisha kuna kusubiri. Boila iko paani au nyuma ya jiko, chumba chako kiko pembe ya mwisho ya ua. Mita 25 za bomba la robo tatu ya inchi hubeba karibu lita 8 za maji yaliyolala usiku kucha. Kwa lita 4 kwa dakika, ni dakika 2 kamili kabla ya tone la kwanza la moto. Kinga ndoo. Lita hizo 8 zitafaa chooni, na mfanyakazi wa usafi atakuelewa bila maelezo.

Kama hata baada ya dakika 4 hakuna kitu, makosa ni mawili kwa kawaida: upepo wa paani umezima kijimoto cha kuwashia, au gesi imekwisha. La kwanza ni kazi ya kiberiti, na si kazi yako. La pili hutatuliwa na gari la mitungi linalopita mtaani muuzaji akipaza sauti, ¡el gaaas! Ukiuliza litapita lini utajibiwa ahorita. Neno hilo lina undugu na "naja sasa hivi" yetu: yaweza kuwa dakika mbili, yaweza kuwa jioni, na anayelisema hajasema uongo.

Hili la boila ndilo lililonigeuza. Kabla ya kulielewa, ningeuweka upungufu wa maji kwenye kundi la uzembe. Sasa naona ni bei ya simtanki lililowekwa chini makusudi, lisiharibu safu ya vigae vya paa ambayo kila mgeni anaipiga picha.

Mengine ya bafuni ni mafupi. Kikapu kando ya choo ni cha karatasi, mabomba ya zamani hayazimudu. Maji ya kunywa hutoka kwenye garrafón, chupa ya lita 20, na ya kupigia mswaki pia. Umeme ni volti 127, plagi ya pini mbili bapa. Chaja ya simu haina neno, lakini birika la nyumbani la volti 240 na wati 2,000 litafanya kazi kama la wati 560, na chai itakukuta umeshalala.

## Baridi isiyotoka ukutani

Pátzcuaro ipo mita 2,140 hivi juu ya bahari. Aliyelala Limuru, au Njombe mwezi wa Julai, anaijua baridi yake. Ukuta mnene wa udongo huchelewesha joto kwa saa nyingi: jua la mchana linaanza kufika ndani wakati wa kulala. Uzuri mtupu, mpaka zije siku tatu za mawingu mfululizo. Ukuta uliopoa haupati moto kwa kuwasha kitu saa moja.

Vyumba vingi havina hita. Vingine vina mahali pa moto, na kuni huuzwa kwa fungu. Panga hivi: vijiti vitatu vinne vya ocote chini, huo ni msonobari wenye utomvu, unashika kwa njiti moja, juu yake vipande vyembamba vya encino, mwaloni, gogo nene baadaye. Kabla ya yote fungua kilango cha bomba la moshi, kisha pasha bomba kwa karatasi iliyokunjwa na kuwashwa, uishike juu kwa sekunde kadhaa. Bomba likiwa baridi, hewa nzito iliyomo inasukuma moshi chumbani. Ocote ikizidi, masizi yanajaa na macho yanawasha.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, kule wala kwetu. Sumu yake haina harufu.

Vinginevyo omba blanketi la pili mapema, kabla ya saa mbili usiku. Huko waita cobija, na zile nzito zenye picha ya chui mkubwa ni ndugu wa blanketi la bibi yako.

## Mahindi yaliyoacha chokaa nyuma

Kifungua kinywa ndicho kinachozitofautisha nyumba hizi na hoteli, na ndicho kinachonipa shida zaidi kukiandika bila kuongeza chumvi.

Sahani ya hapo ni corunda. Ni unga wa mahindi uliokandwa, ukafungwa kwa jani refu bichi la mhindi wenyewe, likakunjwa mara kwa mara mpaka kikatokea kifurushi chenye pembe tano hivi, kikapikwa kwa mvuke. Huliwa na krimu chachu na salsa ya pilipili. Ndugu yake mtamu ni uchepo, wa mahindi mabichi yaliyosagwa, uliofungwa kwenye maganda ya hindi.

Sisi hukoboa mahindi kwa kinu au mashine. Wao huyakoboa kwa chokaa. Kilo 1 ya mahindi makavu, maji lita 2 na nusu, chokaa gramu 10. Yachemke taratibu nusu saa hadi dakika 45, mpaka ganda liteleze ukilisugua kwa vidole. Yalale humo usiku mzima. Asubuhi yaoshwe na kusagwa yakiwa bado na unyevu. Chokaa ikizidi, unga unakuwa wa njano na uchungu wa sabuni. Ikipungua, ganda halitoki na donge linameguka. Kwa corunda, wengi hutumia majivu ya kuni badala ya chokaa, na katika Meksiko kuna pia tequesquite, chumvi ya kando ya ziwa ambayo mpishi wa Kiafrika Mashariki angeiita magadi bila kusita.

Chokaa hiyo ni ileile ya tambuu. Na haipo kwa ajili ya ganda peke yake: huifungua vitamini B3 iliyofungiwa ndani ya punje. Mahindi yalipovuka bahari chokaa ilibaki nyuma, na waliokula mahindi matupu huko Hispania, Italia na baadaye kusini mwa Marekani waliugua pelagra, ngozi ikichubuka juani. Sisi tuliyapokea mahindi pwani kwa mkono wa Wareno, tukayapa jina la India, tukayala na maharage, samaki na mboga. Mchuzi wetu ulikuwa unafanya kazi ambayo hatukujua tumeupa.

Rudi jikoni. Kilo 1 ya donge hupigwa na gramu 250 hivi za mafuta, chumvi na kijiko cha baking powder, mpaka kipande kidogo kikitiwa kwenye glasi ya maji kielee. Kisipoelea, corunda itakuwa jiwe. Mvuke ni saa 1 au zaidi. Ndani ya sufuria, chini kwenye maji, huwekwa sarafu: ikilia, maji yapo, ikinyamaza, yamekauka na chakula kinaanza kuungua. Imeiva pale jani linapobanduka safi.

Mafuta hayo, mara nyingi, ni ya nguruwe.

Nalisema kwa mstari wake kwa sababu mgeni Mwislamu hataambiwa asipouliza, si kwa hila, ni kwa kuwa hakuna anayefikiri ni jambo la kutaja. Maharage ya kupondwa nayo hukaangwa humo. Uliza usiku, si mezani: ¿Lleva manteca de cerdo?, yaani, ina mafuta ya nguruwe? Ukiuliza usiku, watakupikia mayai kwa mafuta ya mimea na maharage ya kuchemsha tu. Ukiuliza asubuhi, sufuria imeshaiva.

Jambo jingine la sufuria: kwa kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Maharage yanachukua muda zaidi, yai pia. Kwa hiyo "chai inayochelewa" si uvivu.

Chai yenyewe ni kizungumkuti. Ukiomba té, utaletewa majani ya mitishamba, aghalabu chamomile. Omba té negro, na maziwa ya moto kando. Au achana na chai, kunywa café de olla: lita 1 ya maji, kijiti cha mdalasini na gramu 80 za piloncillo, ambayo ni sukari guru kwa rangi, umbo na harufu, ikiyeyuka, zima moto, tia gramu 60 za kahawa iliyosagwa nene, funika dakika 5, chuja. Ukiichemsha na kahawa ndani inakuwa chungu.

Ukikaa kwenye meza hiyo sikiliza maneno. Azúcar ni sukari. Naranja ni narinji. Aceituna ni zeituni. Yote yalisafirishwa na Kiarabu: mkono mmoja ukapita Andalusia hadi Hispania na kuvuka Atlantiki, mwingine ukaja na pepo za kaskazi hadi kwetu. Hata hilo "hata" letu ni hasta yao. Na anayepita karibu na meza yako atasema provecho, ile ile nafasi ambayo kwetu ungemwambia karibu naye akajibu starehe. Jibu gracias. Kunyamaza ni ukavu.

## Wasiwasi ambao haujaisha

Bei ikiandikwa más impuestos, ongeza asilimia 16 ya kodi ya thamani na juu yake kodi ya malazi ya jimbo. Desayuno incluido, kifungua kinywa kimo kwenye bei, iulizwe: ni mkate na kahawa, au ni chakula kamili? Tarehe 1 na 2 Novemba, Siku ya Wafu, vyumba hushikwa miezi mingi kabla na bei hupaa. Sikukuu ya Bikira wa Afya ni 8 Desemba. Tegemea fataki za alfajiri, na usimlaumu mwenye nyumba. Sanamu yake, iliyopo kwenye basilika, ilitengenezwa kwa rojo la bua la mhindi. Hata mtakatifu ni mahindi.

Ninapokwama ni hapa. Mgeni akilalamika vya kutosha, mwenye nyumba atafunga pampu, atainua simtanki, atanunua boila ya lita 150, na ili azilipe hizo gharama atapandisha bei na kupunguza mtu mmoja jikoni. Mkate wa dukani hauhitaji anayeamka saa kumi usiku. Je, mgeni asilalamike, basi, aoge maji ya baridi kwa heshima ya corunda? Hilo nalo ni upuuzi, amelipa. Na huyo mama wa jikoni, ambaye tunamtaja kwenye orodha ya mapambo pamoja na maua, labda angependa sana kulala mpaka saa moja.

Kwa mfanyakazi wa chumba acha peso 30 hadi 50 kwa kila usiku, kila siku na si siku ya mwisho, kwa kuwa zamu hubadilika. Kwa jikoni mpe mwenyewe mkononi.

Meza hufunguliwa saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, ambayo kwetu nyumbani ni saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili jioni. Basi lako likiondoka alfajiri, sema usiku uliotangulia: para llevar, por favor. Watakufungia corunda mbili ndani ya majani yake, salsa kwenye mfuko mdogo uliofungwa fundo. Mlango mkubwa huwa umetiwa komeo, kwa hiyo uliza pia nani atakufungulia. Mtaani ni mawe ya duara. Beba begi, usiliburute, magurudumu hayafiki kona ya pili. Corunda hukaa na joto kama saa mbili ikiwa hujaibandua. Jani usilile.